MREJESHO: Instructograph ya springi iliyokuwa inaruka nukta

Wadau, nawashukuru sana. Niliuliza kuhusu ile Instructograph niliyonunua mnadani huku Marekani, mashine ya kufundishia Morse (alama za nukta na mistari za kutuma herufi kwa mlio) iliyotengenezwa Chicago: mkanda wa karatasi wenye matundu unapita chini ya pointi (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme), na kila tundu likifika, saketi inajifunga na buza inalia. Yangu ilikuwa inameza nukta, S (nukta tatu) inasikika kama I (nukta mbili), kisha inachoka katikati ya mkanda.

Nilianza na pointi. Aliyesema nisiguse msasa alikuwa sahihi. Kipande cha karatasi ngumu chenye spiriti kilitoa uchafu mweusi hadi nikashangaa, na nukta zote zikarudi siku hiyohiyo. Kwenye mota ya springi inayovuta mkanda nililegeza springi kabisa kabla ya kufungua (mzee uliyenionya, Mungu akubariki, ile kitu ina nguvu za nyumbu), nikaondoa grisi iliyoganda kwa mafuta ya taa, nikaweka matone ya mafuta ya cherehani. Sasa inazunguka vizuri, ila springi ikikaribia kuisha spidi bado inashuka. Nazungusha ufunguo mapema, basi.

Mikanda ndiyo imenishinda. Karatasi imekauka, na gundi ya maji mliyopendekeza inakakamaa pale ilipopakwa, mkanda unakatika pembeni yake. Mmoja tu unapita salama. Nimeuweka spidi ya juu kidogo, maana ukipunguza, herufi zenyewe zinavutika na sikio linazoea mlio usio wa herufi hizo.