Hivi kuta za Dar ni za waganga tu? Mabango yetu ya sanaa yamekwanguliwa siku ya tatu

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Sisi ni vijana wanne, tunachora. Mwezi uliopita tulichangishana tukachapisha mabango 40 ya A2, shilingi 5,000 kila moja, laki mbili ikaondoka. Hakuna tulichokuwa tunauza. Ni picha za watu wa Manzese wenyewe: mama lishe anapepea mkaa, kuli na gunia lake mgongoni, fundi viatu. Tukawaomba ruhusa wenye kuta mmoja mmoja, tukapika gundi ya unga wa ngano, tukabandika alfajiri.

Asubuhi ile sitaisahau. Mzee mmoja alisimama mbele ya yule kuli akaniuliza, "Mwanangu, hili tangazo la nini?" Nikamwambia, "Si tangazo mzee wangu, ni picha tu ya kuangalia." Akanyamaza. Halafu akasema, "Mgongo huo naujua." Jioni akarudi na mjukuu wake.

Siku ya pili nusu ya mabango yalikuwa yamefunikwa na karatasi za waganga: nguvu za kiume, mali iliyopotea, mpenzi kurudi ndani ya saa 24. Hilo tulilitegemea, tukabandika mengine juu yake. Siku ya tatu wakaja watu wa manispaa na mgambo wao, wakakwangua ya kwetu YOTE. Karatasi za mganga zilizokuwa pembeni hawakuzigusa! Nikafuatilia ofisini, naambiwa nilipie ada ya matangazo ya biashara. Biashara gani? Nionyesheni bei kwenye picha ya mama lishe. Nikauliza mganga kalipa shilingi ngapi, nikajibiwa nisilete ujuaji.

Kinachoniuma zaidi ni lile neno la yule ofisa kwamba sanaa ina mahali pake. Wapi huko? Edward Saidi Tingatinga, ambaye leo jina lake linauza picha mpaka Ulaya, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akiuza picha nje, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Nje, wakuu! Pale Nafasi Art Space, Mikocheni, wanafanya kazi nzuri na mimi huenda kila nikipata nauli. Lakini kuli wa Manzese ataiacha lini kazi aende Mikocheni kutazama picha? Anachopita kila siku ni ukuta ule ule.

Hapo jirani Kenya, mwaka 2009, Mfaransa anayeitwa JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa pale pale, mita za mraba kama 2,000. Zilichapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo mvua ikinyesha picha hiyo hiyo inamsitiri mwenye nyumba. Sisi hatujaomba mapaa. Tumeomba ukuta ambao mwenyewe kakubali, akatuletea na ngazi.

Yamebaki mabango 12 chumbani kwangu. Mwenye ukuta Manzese, Tandale au Mburahati anitumie ujumbe. Na kama kuna mwanasheria humu anayeijua hiyo ada ya mabango, aniambie picha isiyouza kitu inalipiwa kwa kifungu gani, maana Jumatatu narudi ofisini kwao.