Mfumo wa mwajiri, bando la mwalimu: hii ni haki?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Kuna hoja imeshika kasi miongoni mwa watumishi kwamba walimu wanaolalamikia PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma, ni wavivu wa kujifunza, kwamba mtu anayeweza kurusha picha za harusi WhatsApp hashindwi kujaza majukumu yake ya kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ukerewe, na hoja hiyo naipinga.

Kwa wasio watumishi, ni hivi. Zamani tulipimwa kwa OPRAS, fomu za karatasi zilizoanza mwaka 2004. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 tumehamia kwenye mfumo huu wa PEPMIS. Unaingia ESS, tovuti ya huduma za mtumishi, kwa cheki namba (namba yako ya utumishi) na nywila, unaandika majukumu yako, unayagawa katika kazi ndogondogo zenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, msimamizi anaidhinisha, kisha unarudi kila mara kuonyesha umefikia wapi.

OPRAS siililii. Wengi waliijaza mara moja, mwezi Juni, kwa kunakili ya mwaka uliopita, na mchapakazi na mtegaji wakatoka na alama zilezile. Kupimana kwa kazi inayoonekana nakuunga mkono kabisa.

Ninachouliza ni nani anayebeba mzigo. Shuleni kwetu hakuna kompyuta ya walimu. Mchana uko darasani, kwa hiyo mfumo unajazwa usiku, kwenye simu yako, kwa bando lako, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Mwenzetu wa kisiwa cha Ukara akikwama kabisa na kutaka msaada wa ana kwa ana halmashauri, avuke kwanza kivuko kuja Ukerewe, kisha atafute usafiri wa kumfikisha Nansio, yaliko makao ya halmashauri. Nauli ni yake, na vipindi vya siku hiyo vimepotea.

Mtasema walimu tuligawiwa vishikwambi vya Sensa ya 2022. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini kishikwambi kisicho na bando hakikufikishi ESS.

Halafu tutazame chenyewe kinachojazwa. Mimi nina Darasa la Kwanza. Mtoto anakaa miezi hajui kuunganisha silabi, halafu wiki moja tu ghafla anasoma kila kibao anachokutana nacho njiani. Kazi hiyo naigawaje vipande vyenye tarehe ya kumaliza? Hapo ndipo walimu wazoefu wanapokwama, watu wanaoijua kazi kuliko sisi sote. Mafunzo waliyopata ni ya siku moja ukumbini, wengi wakimtazama mtu mmoja akibonyeza mbele. Ukikosea WhatsApp unafuta, basi. Huku alama zinatazamwa kwenye kupanda daraja.

Matokeo yake kila mtu anayajua ila hayasemwi. Kwenye shule nyingi kuna mwalimu kijana mmoja anayewajazia wenzake, na nywila zao zote ziko kwenye daftari lake. Wengine wanakwenda steshenari, wanamlipa kijana, wanampa cheki namba na nywila, wanarudi nyumbani. Jamani, akaunti hiyo hiyo ndiyo ya kuombea uhamisho, likizo na mkopo! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huku mtumishi anamkabidhi mtu baki ufunguo wa utumishi wake kwa sababu hakuna aliyekaa naye kumfundisha taratibu. Hili linaniumiza kuliko hata pesa ya bando.

Na mwalimu mkuu naye? Aidhinishe kazi za kila mwalimu aliye chini yake, ajaze zake, na vipindi vyake vinamsubiri.

Msimamo wangu ni huu: mwajiri anayeleta mfumo alete na bando, atenge saa za kuujaza ndani ya muda wa kazi, na kila kata iwe na mtu wa kuzunguka shuleni kufundisha. Hadi hayo yafanyike, alama za mfumo zisimcheleweshe mtu daraja.

Mnaosema ni uvivu, nijibuni hili moja: daktari halipii umeme wa hospitali, karani hanunui karatasi za ofisi. Kwa nini mwalimu alipie mtandao wa kupimiwa kazi yake?