Kozi za opsheno vyuoni: ziingie kwenye GPA au zisiingie? Tujadili

Mleta mada
Wakuu salama? Kila vyuo vikifunguliwa naona vijana wanaulizana swali lilelile, sio opsheno (kozi ya kujichagulia) gani nzuri, ni opsheno gani inatoa A. Halafu anatokea mtu mzima anawasema hawapendi elimu. Mi nasema hawana kosa, hesabu ndo inawatuma.

Nimesoma injinia ya ujenzi, miaka minne. Mwaka wa tatu tukaruhusiwa kozi moja ya nje ya fani, wenzangu wote wakakimbilia ile tulokuwa tunaiita ya kuokota, desa, yaani notsi za kunakili, la kurasa 20 linarithishwa toka kaka zetu, maswali yaleyale. Mi na kiherehere changu nikachukua sheria ya mikataba, nikajikuta nimekaa na watoto wa biashara na wa sheria, wao vitu vingi washakutana navyo, mi hata kesi naisoma kama swali la hesabu, natafuta jibu limeandikwa wapi. Nikapata C.

Sasa piga hesabu. Krediti 12 kati ya 480. A pointi 5, C pointi 2, tofauti 3, kwenye GPA nzima, yaani wastani wa kozi zote, hiyo ni 0.075. Nilimaliza na 3.46 na chuo chetu desimali haipandishwi, karatasi ikatoka 3.4, yaani loa, daraja la pili la chini. Ile ya kuokota ingenipa 3.53, apa sekondi, daraja la pili la juu. Matangazo ya kazi mnayajua yanavyoandikwa.

Kinachoniuma hiyo C ndo imenilisha kuliko zote. Nilikuwa na mkandarasi mdogo tumekabidhi madarasa matatu, mteja kakalia hela ya zuio, ile anayoibakiza mpaka kasoro zirekebishwe, kipindi cha matazamio cha kuangalia hizo kasoro kimeisha miezi mitano nyuma, kila tukienda tunaambiwa kuna ufa kwenye sakafu. Nikafungua mkataba wetu, kifungu kinasema kasoro ziorodheshwe kwa maandishi ndani ya kipindi. Barua hamna hata moja. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu nikanukuu kifungu, wiki mbili hela ikaingia.

Hoja yangu: kozi ya nje ya fani iwe lazima kwa kila mtu, ila isihesabiwe kwenye GPA. Faulu au feli, basi. Njooni na hoja.

Mhasibu wa Mwanza
Mkuu unalia na 0.075 miaka yote hii? Si ungepata A kwenye zege tu yakaisha.

Mleta mada
Zege nilipata B+, asante kwa kunikumbusha.

Mkufunzi
Niongee kama mtu anayesimama mbele. Nafundisha kozi ya pamoja, majina 600 na kitu kwenye orodha, ukumbi una viti 350, na hiyo inahesabiwa kwenye GPA lakini wiki ya sita nina watu themanini na viti vinabaki. Ukisema sasa ni faulu feli nitawaona siku ya testi na siku ya UE, mtihani wa mwisho, basi. Na insha 600 nisahihishe peke yangu lini? Ndo maana mnapewa maswali ya kuchagua, na ndo maana desa linafanya kazi. GPA mnaionea, ugonjwa ni ukubwa wa darasa.

Mleta mada
Mwalimu hapo umenibana kidogo. Ila hao 520 wanaokukimbia wanakukimbia na GPA ipo, kwa hiyo GPA nayo haijawaleta darasani.

Babu Mlimani
Mnaziongelea hizi kozi kama zimeokotwa barabarani. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya Azimio la Arusha 1967 watu walikaa wakabishana chuo cha nchi ya kijamaa kifundishe nini, kozi ya pamoja ikazaliwa hapo, na 1973 ikawa taasisi kamili ya taaluma za maendeleo. DS, hiyo kozi ya taaluma za maendeleo mnayoilalamikia, ni mjukuu wake. Sisi tulikuwa tunatoka ukumbini bado tunabishana mpaka kantini, chai inapoa. Siku hizi swali ni moja tu, hii itatoka kwenye UE?

Mhasibu wa Mwanza
Shikamoo babu. Darasa lenu mlikuwa wangapi?

Babu Mlimani
Marahaba. Tulikuwa tunajuana kwa majina.

Mkufunzi
Nimemaliza hoja yangu.

Bidada wa BBA
Mi nilifanya kinyume, nipo biashara nikaenda kuchukua kozi ya programu ya Python kwa watu wa kompyuta, wiki ya kwanza nilitaka kulia jamani, lekchara anasema "kama mnavyokumbuka" na mi sikumbuki chochote kwa sababu sijawahi kufundishwa, nikaganda na kaka mmoja wa mwaka wa pili akawa ananielekeza library jioni, nikatoka na B. Leo ofisini faili za mauzo za matawi tisa zilizokuwa zinaunganishwa kwa mkono siku mbili naziunganisha kabla chai haijaja. Sasa hapa namkatalia mleta mada, ingekuwa faulu feli mi ningeridhika na arobaini yangu nikaondoka. Woga wa GPA ndo ulinipeleka library.

Mleta mada
Dada wa kama wewe ni wachache. Darasa lenu la BBA mlienda wangapi Python?

Bidada wa BBA
Wawili. Mwenzangu alihama wiki ya pili 😂

Mkenya
Huku Nairobi tuna common, communication skills, falsafa, uchumi, Ukimwi, hizo hujichagulii unapewa. Shida yetu ni nyingine kabisa, mimi nilichukua yuniti ya idara nyingine na maksi zikapotea, idara yangu inasema ulizia kule, kule wananiambia wewe si wetu. Nimezungusha hiyo barua mpaka sekretari akanijua kwa jina, graduation ikanipita. Kabla mjadili GPA hakikisheni kwanza maksi zenyewe zitavuka barabara.

Wa Boston
Watu wanadhani injinia wa Marekani anasoma mashine tu. MIT ukiwa digrii ya kwanza lazima umalize kozi 8 za sanaa, binadamu na jamii, nane sio moja. Na muhula wa kwanza hauna gredi, ukifeli hairekodiwi kwenye matokeo yako, walianza 1968 na faulu feli ya mwaka wote wa kwanza. Walitaka mtu aingie asipoze moto kwa kuogopa maksi.

Mleta mada
Haya, mmeona?

Mhasibu wa Mwanza
MIT hawasahihishi insha 600 mtu mmoja.

Mama Neema
Mimi mzazi, naomba niulize. Ada nauza mahindi, bumu, mkopo wa serikali, la mtoto ni nusu. Kozi isiyohesabiwa nailipia ya nini?

Mleta mada
Mama shikamoo. Hilo swali zito, sitakudanganya. Ile hela ya zuio iliyotoka ilizidi ada yangu ya mwaka mzima, ila ni mimi mmoja, siwezi kukuahidi na wa kwako.

Mama Neema
Marahaba mwanangu. Basi na iandikwe kwenye cheti aliisoma, hata kama haihesabiwi.

Mkufunzi
Hiyo ya mama naikubali kuliko ya mleta mada. Na ratiba zisigongane, opsheno nyingi zipo kwenye prospektasi tu, ukienda unakuta ni muda uleule na kozi yako ya lazima, au walijiandikisha sita ikafutwa.

Mwaka wa pili
Nimesoma yote toka juu. Mi umeme, dirisha la kubadili kozi linafungwa Ijumaa. Mikataba ipo na ile ya kuokota ipo. Kaka nichukue ipi?

Mleta mada
GPA yako saivi ngapi?