Nimealikwa harusi ya dada wa rafiki yangu Jaipur, India. Naingiaje pale mikono mitupu?

Kijiko_Kimoja: Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwa waliowahi kuhudhuria harusi ya Kihindi kulekule kwao.

Nilisoma Pune, hukohuko India, miaka mitatu, chumba kimoja na jamaa wa Jaipur. Kila akienda kwao sikukuu ya Diwali anarudi na kopo la achari ya embe, mama yake kanitengenezea mimi, sio sisi wote, mimi, na kwenye mfuniko kaandika jina langu kwa maka peni na herufi moja kakosea. Huyo mama sijawahi kumuona ana kwa ana, tunaongeaga kwa video tu, mimi namwita Aunty yeye ananiita beta, mwanangu yaani. Sasa binti yake anaolewa mwanzoni mwa Desemba na nimealikwa siku zote nne.

Nauli nimeshajikamua nimepata. Shida kadi imeandikwa kabisa kwamba zawadi hawapokei wanataka baraka tu, sasa mtu aliyenilisha miaka mitatu nampelekea baraka kavu?? Halafu kazini likizo wamenipa kwa mbinde, nafikiria niende siku ya ndoa yenyewe tu nigeuze. Na jamaa anasema nilale kwao, nikitaja hoteli ananuna, na eti kaniweka kwenye kundi la kucheza usiku wa sangeet, ule wa nyimbo na kucheza kabla ya ndoa, wakati mimi hata mduara unanishinda.

BintiMchele: Kaka usifanye hilo kosa la kwenda siku ya ndoa tu. Rafiki yako ndio kaka wa bibi harusi, siku ile hutamuona, atakuwa anakimbizana na wapishi, mataa, wageni wa upande wa pili, wewe utakaa kwenye kiti unaangalia simu. Na ndoa yenyewe saa yake anapanga kuhani kwa nyota, inaweza kuangukia usiku wa manane. Mimi nilienda moja Delhi, kuzunguka ule moto mara saba kulianza saa nane usiku, wageni wengi walishakula wakaondoka, tumebaki ndugu tumejifunika mashali huku bibi harusi anasinzia na dhahabu zake. Undugu unapatikana siku za mwanzo, mehndi ya kupaka hina, haldi mkiwa mmekaa chini mnapakana manjano. Na siku ya haldi usivae shati unalolipenda, mimi langu kola ni ya njano mpaka leo.

Kauzu: Kadi imesema hawataki zawadi. Sasa unaomba ushauri wa nini? Watu mnapenda kulazimisha.

Mzee_wa_Bahasha: @Kauzu taratibu. Ile kadi inakataa masufuria na mafeni, bahasha ni kitu kingine, kule inaitwa shagun na ndio hiyo baraka yenyewe. Mleta uzi, weka rupia kwenye bahasha lakini isiwe namba ya sifuri mwishoni, wanaongeza moja juu, 501, 1,101, 2,101, wewe na mfuko wako. Wanasema sifuri ni kukoma, ile moja ni mwanzo. Kule bahasha zinauzwa zimeshabandikwa kabisa sarafu ya rupia moja kwa nje, utajiona mjanja hujafanya kitu. Mpe bibi harusi mwenyewe au mama, kwa mkono wa kulia. Wakiirudisha sisitiza mara moja, wakirudisha tena acha, yaishe.

Chuma_Chakavu: Mpelekee tanzanite 😂

Mzee_wa_Bahasha: Hahaha Jaipur? Mawe yetu mengi yanakatwa na kung'arishwa hukohuko mkuu, utakuwa unampelekea mvuvi samaki.

PasiMkononi: Niongee ya makaratasi maana watu mnakimbilia nguo. Viza ya mtandaoni ya utalii inakubali kutembelea marafiki, ila omba kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, kuna za madalali zimetengenezwa zinafanana nayo kabisa wanakulamba hela mara tatu. Usingoje wiki ya mwisho. Kitabu cha chanjo ya homa ya manjano beba na chanjo iwe imepita siku 10, wakikuhesabu umetoka nchi yenye ugonjwa na huna kitabu wanaweza kukuweka karantini siku 6, harusi imeisha wewe upo chini ya neti.

Na hili la kulala kwao, lala, ila mwambie mapema jamaa yako kwamba mgeni wa nje akilala nyumbani kwa mtu mwenyeji anatakiwa kumripoti ndani ya masaa 24, kuna fomu ambayo wengi wanaijua kama Form C, inajazwa mtandaoni. Hoteli wanajazaga wenyewe, majumbani watu wanasahau halafu siku ya kuondoka mgeni ndio anaulizwa maswali.

Kijiko_Kimoja: Dah hilo la fomu sikulijua kabisa, enzi za Pune tulikuwa tunajaziwa chuoni. Asanteni sana. Nguo je? Nina suti moja nyeusi nzuri sana.

BintiMchele: Suti nyeusi iache kabatini. Nyeupe tupu pia hapana, hiyo kwao ni ya msibani. Ukifika jamaa akupeleke Bapu Bazaar, soko la hapo Jaipur, upate kurta, lile shati lao refu, na vile viatu vyao vya ngozi vilivyochongoka, na siku ya ndoa atakuja mtu wa kuwafunga vilemba wanaume wote, kitambaa kirefu balaa, wewe tulia tu usichezeshe kichwa. Beba na sweta, Rajasthan, jimbo la Jaipur, watu wanajua jangwa wanasahau kwamba usiku wa Desemba unatetemeka.

Kauzu: Mkikubali nichangie na mimi: wewe upo upande wa bibi harusi. Bwana harusi akivua viatu kuingia mandap, kile kibanda cha kufungia ndoa, wadogo zake bibi harusi wanaviiba, hawavirudishi mpaka alipe. Jitolee kuvificha, mtu mrefu mgeni hakuna atakayekusachi. Umasikini wa kucheza utasamehewa.

BintiMchele: Kauzu kumbe una moyo 😅 Ila kucheza acheze tu bwana, wanamweka nyuma kabisa mstari wa mwisho, anatumiwa video wiki mbili kabla anafanya mazoezi chumbani. Wale mashangazi hawatafuti ufundi.

Mama_Abdu: Nimesoma wote mmeongea vizuri, lakini mwanangu hujajibiwa swali lako. Bahasha ni ya bibi harusi. Wewe ulikuwa unamuulizia mama. Lile kopo la achari unalo?

Kijiko_Kimoja: Shikamoo mama. Lipo, tunawekea sukari.

Mama_Abdu: Marahaba. Basi chombo cha mtu hakirudi kitupu. Lijaze korosho za kukaanga, funga vizuri, vitu vibichi na mbegu usibebe watakusumbua uwanja wa ndege. Usimpe mbele za watu siku ya harusi ana mambo mia. Mpe ile siku unayofika, jikoni.

Kauzu: Hili nimekubali.

Kijiko_Kimoja: Nimetoka jikoni sasa hivi kuliangalia. Maka peni imefifia ila jina linasomeka, na kosa lake. Sukari nimemwaga kwenye sufuria, wife amesimama mlangoni anauliza kuna nini.