Pilipili mbuzi ambazo hazijaota: gumzo la familia

Mwanaidi: Shikamoo, Shangazi. Leo ni siku ya 12 tangu nisie mbegu za pilipili mbuzi kwenye trei, na hakuna hata moja iliyochomoza, ilhali za pilipili hoho nilizozisia siku hiyo hiyo zimekwisha kutoa majani mawili. Je, nizifukue nione kama zimeoza?

Shangazi Rehema: Marahaba, mwanangu. Usizifukue kabisa, kwa maana kijizizi kinachotangulia kutoka ni chembamba kama uzi, na ukikigusa kitakatika. Pilipili mbuzi ni nzito kuota. Huweza kuchukua wiki 3 au 4, hasa udongo ukiwa wa baridi, kwani hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Ulizifukia kina gani?

Mwanaidi: Kama nusu sentimita, na ninazimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa.

Mjomba Salim: Hiyo "bila kukosa" ndiyo iliyoniponza. Mwaka jana miche yangu yote iliota vizuri, nikawa naimwagilia kila niipitiapo, na asubuhi moja nikaikuta imelala, mashina yamesinyaa pale yanapotokea udongoni kana kwamba yamefungwa uzi. Ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaostawi kwenye unyevu, na mche ukishaangushwa nao hauinuki tena.

Shangazi Rehema: Nami nilimwonya, lakini tuyaache hayo. Mwanaidi, gusa udongo kwa kidole. Ukiganda kidoleni, bado una maji ya kutosha.

Mwanaidi: Zikiota, nihamishie bustanini lini?

Shangazi Rehema: Miche ikiwa na majani halisi 4 hadi 6, bila kuhesabu yale mawili ya mwanzo. Kabla ya hapo izoeshe jua kwa siku 7 hadi 10, ukianza na muda wa saa moja tu asubuhi, kisha ipande ukiacha nafasi ya sentimita 45 baina ya mche na mche. Samadi isizidi, usije ukavuna majani matupu.

Mjomba Salim: Na siku ya kutoa mbegu za msimu ujao, vaa glavu. Ukali umejaa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, nami nilijifikicha jicho.

Mwanaidi: Pole, Mjomba. Trei nimeihamishia juu ya jokofu, penye joto, na ndoo ya kumwagilia nimeiweka mbali.