Picha za sura: simu ya 3x, kilenzi cha kubana au kamera ya mtumba?

Mchana_Mweupe (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha kwa raha zangu tu, si kazi. Ijumaa nilimpiga bibi yangu barazani kwa simu, modi ya potreti (ile inayofifisha nyuma ya mtu) imewashwa. Kwenye kioo picha inameremeta. Kuikuza, kipuli cha sikio la kushoto kimeliwa nusu na ukingo wa ushungi umeyeyukia ukutani. Bibi akaitazama, akasema: "Pua hii si yangu, hii ya mjomba wako."

Nina akiba kidogo. Nibadilishe simu nipate yenye lenzi ya kuvuta 3x, ninunue vile vilenzi vya kubana juu ya kamera ya simu, au kamera ya Canon ya mtumba na lenzi ya 50mm f/1.8?

Kotapini
Vya kubana sahau. Changu kilikuwa kinahama kila nikigusa simu, na pembeni mwa picha ni ukungu mtupu. Siku hizi mwanangu anakitumia kutazamia sisimizi.

Fundi_Mwanga
Mkuu, kabla hujatoa hela tumalize la pua. Kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na lenzi ya 24 hadi 26mm, yaani pana. Ili uso ujae unamsogelea mtu mno, basi kilicho mbele kinavimba na masikio yanarudi nyuma. Kosa ni la umbali. Rudi hatua mbili tatu, tumia 2x au ukate picha baadaye. Ubora utapungua kidogo, lakini pua itarudi kwa mwenyewe.

Kipuli nacho: kihisi cha simu, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, hakififishi nyuma ya mtu vya kutosha, kwa hiyo programu inakisia mtu anaishia wapi. iPhone 7 Plus ya 2016 ilipima kina kwa lenzi mbili. Pixel 2, mwaka uliofuata, ikafanya kwa moja. Zimeendelea sana, ila nywele, miwani na shela nyepesi bado zinazipiga chenga. Kama simu yako inaruhusu, shusha ukungu wa nyuma hadi f/4 au f/5.6 (namba ikipanda, ukungu unapungua), makosa hayataonekana sana.

Mama_Lenzi (Mombasa)
Mimi ninayo hiyo Canon. Kwa kihisi chake cha APS-C (saizi ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm), 50mm inakuwa kama 80mm, yaani inavuta zaidi, na hapo sura inakaa vizuri. Ukungu wake ni wa kweli, kipuli hakiliwi. Lakini niseme ukweli, inalala kabatini. Nikiitoa Marikiti watu wanakaza nyuso, mwingine anauliza mimi wa gazeti gani. Simu hawaijali.

Ukinunua, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na unyevu wetu wa pwani unaipenda. Yangu ya kwanza niliuziwa nayo. Muuzaji hakupokea simu tena.

Kijiwe_Nongwa
Wa 3x pia ajihadhari. Mwanga ukipungua, simu nyingi zinaacha lenzi ya kuvuta na kukata picha ya kamera kuu bila kukuambia. Weka 3x, ziba kamera kuu kwa kidole: kioo kikiwa cheusi, unadanganywa.

Mchana_Mweupe
Shukrani. Na hili je? Bibi ni mweusi tii, ukuta wa baraza una chokaa. Uso unatoka kama kivuli.

Fundi_Mwanga
Kamera inapima fremu nzima. Ukuta mweupe unaifanya idhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka ifunge, kisha pandisha kile kijua kidogo. Ukuta ukiungua, yaani ukawa mweupe mtupu, uache uungue. Na usipige saa sita, jua la utosini linageuza macho mashimo. Mketishe ndani ya mlango, atazame nje.

Mchana_Mweupe
Jana saa kumi, mlangoni, 2x, potreti imezimwa. Vipuli vyote viwili vipo, hata mikunjo ya macho inahesabika. Bibi ametaka isafishwe, itiwe fremu.

Akiba bado iko mfukoni. Mama_Lenzi, hiyo inayolala kabatini unaiuza?