Naomba ushauri: picha ya zamani ya Beit al-Ajaib

Wakuu, habari za leo. Kwenye sanduku la marehemu bibi nimekuta picha ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani Zanzibar, imebandikwa kwenye kadi ngumu, imepauka hadi rangi ya chai ya mkandaa. Mnara umesimama peke yake mbele ya jengo. Jengo ni la 1883. Mnara ule uliharibiwa na mizinga ya Waingereza Agosti 1896, uliojengwa baadaye ukaunganishwa na jengo lenyewe. Kwa hiyo picha ni ya katikati hapo, au nakosea?

Pembe moja imeliwa na wadudu. Fundi wa fremu anataka kuibandua kwenye kadi aipige laminesheni. Roho inakataa, maana nyuma kuna maandishi ya penseli. Nimpe au niihifadhi vipi mwenyewe?